Mzee mwenye bikari ukutani: nuru na jiometri katika picha za alkemia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nachapa fulana hapa Tanga. Mwezi uliopita nilichapa picha moja ya kale: mzee mwenye ndevu ameshika bikari kubwa, anachora ukutani. Kuna duara kubwa, ndani yake pembetatu, ndani ya pembetatu mraba, ndani ya mraba duara dogo, na humo wamesimama mwanamume na mwanamke. Mteja mmoja kairudisha fulana, kasema ni alama ya Freemason. Nikatafuta picha nyingine za aina hiyo nikakuta zote zimejaa jua, mwezi, miale na piramidi. Je, maumbo haya yanasema nini hasa? Na kwa nini jua liko kila mahali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mteja wako, maana yeye ndiye mwepesi kujibiwa. Picha uliyochapa imetoka katika kitabu cha alkemia, ile elimu ya kale ya kutafuta kugeuza madini kuwa dhahabu, cha tabibu Mjerumani, Michael Maier, kiitwacho Atalanta Fugiens, kilichochapishwa Oppenheim mwaka 1617. Ni picha ya 21 kati ya 50. Lojia Kuu ya Freemason ya London iliundwa mwaka 1717, na wale Illuminati wa Bavaria walianza 1776. Kwa hiyo mzee wako ameitangulia Lojia Kuu kwa miaka mia kamili. Bikari ya Freemason ilitoka kwa waashi wa mawe. Ya huyu mzee ilitoka kwa walimu wa jiometri. Chombo ni kimoja, shughuli ni mbili.

Sasa maswali yako mwenyewe, ambayo ni mazito zaidi, na nitayajibu kwa kuanzia mbali kidogo, kwenye maneno uliyonayo tayari kinywani.

Unaijua zebaki, ile iliyomo kwenye vipimajoto vya zamani, na wanayoitumia wachimbaji wadogo kunasia dhahabu. Unakijua kibiriti. Leo ni njiti za kuwashia jiko, lakini wazee waliokuwa wakipaka unga wa manjano kutibu ngozi waliuita kibiriti upele, yaani salfa. Maneno yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na katika maandiko ya Kiarabu yanayohusishwa na mwanaalkemia wa kale Jabir ibn Hayyan hivyo viwili ndivyo wazazi wa madini yote. Kibiriti ni cha moto na kikavu, zebaki ni ya baridi na majimaji. Vikikutana tumboni mwa ardhi kwa kipimo sahihi na kwa usafi kamili, huzaliwa dhahabu. Kipimo kikipotoka, huzaliwa risasi, bati au chuma. Ulaya ilipoanza kutafsiri vitabu hivyo kwa Kilatini katika karne ya 12, ilichukua elimu pamoja na majina yake. Neno alkemia lenyewe ni al-kimiya.

Basi mwanamume na mwanamke walio kwenye fulana yako ndio hao: kibiriti na zebaki. Mara nyingine huchorwa kama mfalme na malkia, mara nyingi zaidi kama jua na mwezi. Lile andiko fupi waliloliheshimu kuliko yote, Bamba la Zumaridi, ambalo nakala zake za kale kabisa tunazozijua ni za Kiarabu, linasema juu ya kitu hicho cha siri kwamba baba yake ni jua na mama yake ni mwezi. Hapo ndipo jua linapoanza kuingia kila mahali. Kila madini ilikuwa na nyota yake: fedha ya mwezi, shaba ya Zuhura, chuma ya Mirihi, bati ya Mshtarii, risasi ya Zuhali, zebaki ya Utaridi. Dhahabu ndiyo ya jua, na alama ya vyote viwili ni ileile, duara lenye nukta katikati.

Tuurudie ukuta. Maneno yanayoandamana na picha, ambayo Maier aliyachukua kutoka katika kitabu kongwe zaidi kilichochapishwa Frankfurt mwaka 1550, yanaagiza hivi: kutokana na mwanamume na mwanamke fanya duara, kisha mraba, kisha pembetatu, fanya tena duara, nawe utakuwa na jiwe la wanafalsafa, yaani kile kitu walichoamini kinageuza madini kuwa dhahabu. Ni maagizo ya kazi, kama mpishi anavyoagiza. Duara la kwanza ni wawili waliounganishwa. Mraba ni kuwatenganisha tena katika asili nne, yaani udongo, maji, hewa na moto. Pembetatu ni mwili, roho na nafsi. Duara la mwisho ni kitu kimoja kisichobadilika tena.

Jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona ni kwamba Maier, katika maelezo yake, anayapa maumbo hayo rangi. Mwili ni mweusi kama Zuhali, roho ni nyeupe ya mwezi, nafsi ni ya manjano ya jua, na duara la mwisho ni wekundu usiofifia. Nyeusi, nyeupe, njano, nyekundu: hizo ndizo hatua walizozitazamia ndani ya chupa iliyokaa juu ya moto. Hawakuwa na kipimajoto wala mizani ya kemikali ya leo. Walikuwa na macho. Aliyewahi kukaanga kitunguu cha pilau anaelewa: hutazami saa, unatazama rangi, na ukikosa wakati wake umeharibu sufuria nzima. Kwa mwanaalkemia rangi ilikuwa ndiyo habari ya ndani ya chupa, na rangi ni nuru iliyoguswa na kitu. Kwa hiyo yale maumbo manne unaweza kuyasoma kama jedwali la rangi, yaani la nuru, lililoandikwa kwa bikari. Mimi hivyo ndivyo ninavyoyasoma.

Kuna na mzaha wa kisomi humo. Kugeuza duara kuwa mraba wenye eneo lilelile, kwa rula na bikari peke yake, lilikuwa fumbo lililowatoa jasho wanajiometri tangu Wagiriki. Maier anadokeza kwamba maumbile hulifanya kila siku bila kuhangaika. (Jibu la wanahisabati lilikuja mwaka 1882, Ferdinand von Lindemann alipothibitisha kwamba haliwezekani. Mzee wa ukutani angeendelea kuchora milele.)

Lakini bado sijajibu kwa nini jiometri. Kwa nini siri za tanuri zisielezwe kwa wanyama na miti tu, ambavyo navyo vimejaa kwenye picha hizo? Watu wengi husema ni lugha ya kificho. Kweli, hawa walikuwa mabingwa wa kuficha, na msemo wetu wa fumbo mfumbie mjinga wangeupenda sana. Ila mimi naona chanzo chake ni jambo la kawaida zaidi: katika nguvu zote za maumbile walizozijua, nuru ndiyo iliyochorekea kwa rula. Joto halina mstari. Harufu haina. Sumaku huvuta na hakuna aliyeweza kuonyesha imepitia wapi. Nuru hupita palepale ulipoweka rula. Toboa tundu dogo kwenye dirisha la chumba cha giza uone mwale unavyonyooka. Elekeza kioo uone unavyorudi kwa pembe ileile uliyoingilia. Na kama unaamini, kama walivyoamini wao, kwamba nuru ya jua ndiyo inayoivisha dhahabu ardhini, basi kitu kinachozaa dhahabu ni kitu chenye kanuni za jiometri. Ukiijua pembe, umelijua tanuri.

Mawazo hayo nayo yana njia yake. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, anatajwa kuwa mwandishi wa kitabu juu ya miale kilichotufikia kwa Kilatini tu. Humo inasemwa kwamba kila kitu ulimwenguni hutoa miale pande zote, na nyota hutenda kazi hapa chini kwa njia hiyo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo karne ya 11, aliifanya elimu ya kuona kuwa elimu ya mistari na pembe zinazopimika. Kitabu chake kikachapishwa Basel kwa Kilatini mwaka 1572. Katikati ya hao na kitabu cha Maier kuna wachoraji wa Italia. Leon Battista Alberti alieleza mwaka 1435 kwamba kuona ni piramidi ya miale yenye ncha kwenye jicho, na picha ni kipande kilichokatwa katika piramidi hiyo. Zama za Mwamko wa Ulaya, mchoraji, mnajimu na mwanaalkemia walitumia mchoro mmoja.

Anayeonyesha hilo wazi kuliko wote ni mwanahisabati Mwingereza John Dee, aliyezaliwa 1527. Mwaka 1558 alitoa kitabu cha kauli fupi fupi juu ya nguvu za nyota, na humo anasema mwale unaoanguka wima una nguvu kuliko unaoanguka kwa mshazari. Hili wewe wa Tanga hulihitaji kulisoma, utosi wako unalijua jua la mchana. Kisha anakwenda mbali: anayeijua elimu ya vioo, asema, anaweza kuikaza miale ya nyota yoyote juu ya kitu chochote kwa nguvu kupita maumbile yenyewe yanavyofanya. Ni ule mchezo wa watoto wa shule wa kuchoma karatasi kwa lenzi, ila yeye alitaka kuufanya kwa Zuhura na Mshtarii.

Miaka sita baadaye, mwaka 1564, alichapisha Antwerp kitabu chake kigumu kuliko vyote, Monas Hieroglyphica, alichosema alikiandika kwa siku 12. Kina hoja 24, zimepangwa kwa namna ya vitabu vya jiometri, na zote zinaeleza alama moja tu: mwezi mwandamo juu, chini yake duara la jua lenye nukta, chini yake msalaba, na chini kabisa alama ya nyota ya Kondoo, mwanzo wa moto. Hoja ya kwanza yasema vitu vyote vilidhihirishwa mwanzo kwa mstari mnyoofu na duara. Ya pili yasema hakuna duara bila mstari, wala mstari bila nukta. Shika bikari yako utamwelewa mara moja: sindano ni nukta, upana wa miguu ni mstari, ukizungusha unapata duara. Kitendo hicho kimoja, kwa Dee, ndicho uumbaji mzima kwa ufupi, na matokeo yake ndiyo ile alama ya dhahabu. Heinrich Khunrath wa Leipzig, tabibu na mwanaalkemia, ambaye Dee anamtaja katika shajara yake kwamba walionana Bremen mwaka 1589, aliitia alama hiyo katika picha zake mwenyewe.

Huyo Khunrath ana picha moja ningependa uitafute. Iko katika kitabu chake cha 1595, na imechongwa ndani ya duara. Ni ukumbi mrefu. Kushoto mtu amepiga magoti mbele ya hema la sala, kulia kuna tanuri na vyombo, katikati meza yenye ala za muziki. Mihimili ya dari na mistari ya sakafu yote inakimbilia mlango ulio mwisho wa ukumbi. Aliyesanifu mchoro huo ni Hans Vredeman de Vries, bingwa wa mistari inayokutana mbali. Jicho lako linavutwa liingie, hutaki wala huna hiari. Juu ya mlango pameandikwa kwa Kilatini: ukilala, kesha.

Sasa piramidi, maana najua ndizo zinazowatisha watu kuliko chochote. Nyingi utakazokutana nazo ni za Robert Fludd, tabibu wa London, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya ulimwengu kilianza kutoka mwaka huohuo 1617, mji uleule wa Oppenheim, kwa mchapishaji yuleyule Johann Theodor de Bry aliyetoa kitabu cha Maier. Zina uhusiano na Alberti na miale yake kuliko na Misri. Piramidi moja ni ya nuru: kitako chake kipana kiko juu kwa Mungu, inapungua ikishuka mpaka ncha yake igusae dunia. Ya pili ni ya giza: kitako duniani, ncha yake juu. Zinapishana. Ukitaka kujua mahali fulani pana nuru kiasi gani, tazama upana wa kila piramidi pale. Malaika wana nuru nyingi na kiza kidogo, jiwe kinyume chake. Katikati kabisa, pale zinapolingana nusu kwa nusu, Fludd ameweka jua. Hiyo ndiyo sababu yake ya jua kuwa kiti cha uhai: ndipo pahali pekee ambapo nuru na kitu vinapokutana bila mmoja kumshinda mwenzake. Ni grafu, mwanangu. Wakati ule neno grafu halikuwapo, lakini ndiyo kazi yake.

Tatizo ni kwamba haikupimwa na chochote. Johannes Kepler, mwanafalaki Mjerumani, aliliona hilo. Mwaka 1604, katika kitabu chake cha elimu ya nuru, Kepler alikuwa ameshaeleza kwamba nuru ikitoka kwenye nukta moja hutawanyika juu ya uso wa tufe linalokua, kwa hiyo ukienda mbali mara mbili, ukali wake hubaki robo. Hapo nuru na jiometri zimekutana kweli, na kanuni hiyo bado inafundishwa. Mwaka 1619 alimsuta Fludd hadharani kwamba anafurahia mafumbo ya giza, ilhali yeye Kepler anajitahidi kuyatoa mambo gizani. Wakajibizana kwa vitabu miaka kadhaa. Mimi namuunga mkono Kepler kwa hesabu, ila picha za Fludd ndizo ninazorudi kuzitazama.

Hasa moja. Kabla ya piramidi zote, Fludd anataka kuonyesha hali ilivyokuwa kabla nuru haijaumbwa. Ameweka mraba mweusi, basi. Wino mtupu ukurasani, na pembezoni, pande zote nne, maneno yaleyale: na hivyo bila mwisho. Kurasa chache mbele giza linaanza kupasuka na nuru inaingia.

Hapa nazungumza nawe kama mchapaji, kwa sababu utalielewa kuliko wasomi wengi. Michoro hii ilichongwa kwenye mabamba ya shaba, na ile ya Maier inahesabiwa kuwa ya mkono wa Matthäus Merian. Mchonga shaba hana rangi ya nuru. Ana wino mweusi peke yake. Akitaka jua ling'ae, lazima auache mduara wa karatasi bila kuugusa, kisha azungushe mistari ya kiza pembeni mpaka ule weupe uonekane unawaka. Ndivyo unavyofanya wewe unapoacha kitambaa cheupe wazi kwenye fremu yako. Katika picha hizi nuru ni kile ambacho fundi hakukigusa, na kila mstari ni kiza. Mchoro wa 45 wa Maier unasema jua na kivuli chake hukamilisha kazi. Kwa fundi wa bamba, hiyo ilikuwa habari ya kila asubuhi.

Vitabu vilivyochorwa kwa mkono vilikuwa na uwezo mwingine. Kile maarufu kiitwacho Mng'aro wa Jua, Splendor Solis, kina picha 22. Nakala yake nzuri ya mwaka 1582 iko Maktaba ya Uingereza, London. Kuna jua jeusi linalozama juu ya nchi iliyokauka, na mwisho wa kitabu jua jekundu lenye uso wa mtu linachomoza nyuma ya mji. Kurasa zake zina dhahabu halisi. Ukiugeuza ukurasa mbele ya dirisha, unarudisha nuru ya jua usoni kwako. Kitabu kinachokuahidi dhahabu kimekuangaza kwa dhahabu, na picha ya simu haiwezi kukuonyesha hilo kamwe.

Nikuonye jambo moja kabla hujaanza kuona siri kila pembe. Si kila duara ni jiwe la wanafalsafa. Chupa ni ya mviringo kwa sababu kioo hupulizwa hivyo. Miale hunyooka kwa sababu bamba limechongwa kwa rula. Maier mwenyewe, katika mchoro wa 42, amechora usiku: mzee mwenye miwani, fimbo na taa mkononi anafuata nyayo za mwanamke aliyetangulia mbali. Mwanamke ni Maumbile, fimbo ni akili, miwani ni uzoefu, taa ni kusoma. Angalia kwamba taa ile haimmuliki mwanamke, inamulika nyayo tu.

Kuhusu fulana: ukiichapa tena, usiusafishe ukuta. Katika mchoro wa asili plasta imebanduka na matofali yanaonekana, na chini pametapakaa vifaa vya kupimia. Nimeona kwenye picha uliyonitumia umevifuta ili ipendeze. Virudishe. Duara kamilifu lililochorwa juu ya ukuta mbovu ndiyo utamu wenyewe wa picha.

Na kama mteja yule bado hataki, kitabu cha Khunrath kina mchoro wa bundi aliyevaa miwani, mienge miwili inawaka na mishumaa pembeni, na chini maneno ya Kijerumani yanayouliza mienge, taa na miwani vitafaa nini ikiwa watu hawataki kuona. Ningeinunua fulana hiyo mimi mwenyewe, saizi kubwa. Ila bundi, tena pwani kwetu! Labda chapa moja tu.